Bodi ya Zamani au ya Karibuni: Mwongozo wa Kuchagua Kamera ya Filamu

Mtu anayetafuta kamera ya filamu ya milimita 35 siku hizi karibu kila mara atanunua kamera iliyokwisha kupita katika mikono ya watu wengine. Canon walitangaza mwaka 2018 kwamba mauzo ya EOS-1V yamekoma, na Nikon wakasitisha F6 mwaka 2020. Ingawa Leica waliirudisha M6 kiwandani mwaka 2022, na Pentax wakatoa kamera ya nusu fremu (kila picha huchukua nusu ya nafasi ya kawaida kwenye filamu) iitwayo Pentax 17 mwaka 2024, kamera mpya kabisa zingali chache mno. Kwa hiyo uchaguzi ulio mbele ya mnunuzi ni kati ya bodi (yaani kamera yenyewe bila lenzi) za miaka ya 1960 na 1970, ambazo huendeshwa kwa gia na springi, na bodi zilizotoka baina ya mwaka 1985 na miaka ya mwanzo ya 2000, ambazo huendeshwa kwa mota na saketi.

Wengi huamua jambo hili kwa sura ya kamera au kwa sifa walizozisikia. Ninaamini kipo kigezo bora zaidi. Aina zote mbili hutoa picha nzuri, na aina zote mbili huharibika. Zinachotofautiana sana ni jinsi zinavyoharibika, na kazi ambazo kila moja humwachia mpiga picha azifanye mwenyewe. Anayelijua hilo mapema huchagua kamera ambayo ataweza kuishi nayo, na pia hujua akague nini kabla hajatoa fedha.

Hatua ya kwanza: anza na lenzi, si bodi

Bodi ya kamera ya filamu ina kazi mbili za msingi, yaani kuiweka filamu gizani na kuufungulia mwanga kwa muda uliopimwa. Ukali wa picha na rangi zake hutoka kwenye lenzi na filamu. Kwa sababu hiyo, kabla ya kufikiria umri wa bodi, orodhesha lenzi ulizo nazo au unazotaka kuwa nazo, kisha uangalie ni bodi zipi zinazozipokea.

Kwa upande wa Canon mpaka uko wazi. Lenzi za FD, zilizoanza mwaka 1971, huingia katika bodi za kulenga kwa mkono, yaani ambazo mpiga picha huzungusha lenzi mwenyewe hadi taswira iwe kali, kama AE-1 na A-1. Mwaka 1987 Canon walianzisha mfumo wa EOS wenye kiungio (mahali lenzi inapofungwa kwenye bodi) kipya kabisa cha EF, na mifumo hiyo miwili haiingiliani. Mwenye lenzi za EF alizozinunua kwa ajili ya kamera ya dijitali anaweza kuzifunga moja kwa moja kwenye bodi ya filamu ya EOS na zikafanya kazi zote, ikiwemo kulenga kiotomatiki. Hiyo ni faida kubwa kiasi kwamba, kwa mtu wa aina hiyo, sioni sababu ya kuendelea kutafuta kwingine. Aangalie tu kwamba lenzi za EF-S zilitengenezwa kwa ajili ya vihisi vidogo na hazifai kwa bodi hizi.

Nikon wamehifadhi kiungio chao cha F tangu mwaka 1959, na jambo hilo huwafanya wengi waamini kwamba kila lenzi ya Nikon huingia katika kila bodi ya Nikon. Sivyo. Lenzi za kabla ya mfumo wa AI, ulioanza mwaka 1977, zinaweza kuvunja kijiti kidogo kilicho pembeni ya kiungio katika bodi kama FM2 na F100 zikifungwa bila kurekebishwa kwanza. Bodi za FM na FE za mwanzo zina kijiti kinachokunjwa, kwa hiyo zenyewe huzipokea salama. Upande wa pili, lenzi za G hazina pete ya kubadilishia ukubwa wa tundu la lenzi, na zikifungwa kwenye FM2 zitapiga picha kwa tundu dogo kabisa wakati wote. Kwenye F100 hufanya kazi ipasavyo. Lenzi za E, ambazo tundu lake huongozwa kwa umeme, hubaki wazi kabisa kwenye bodi zote za filamu, hata F6.

Pentax ni rahisi zaidi: kiungio cha K cha mwaka 1975 kimeendelea hadi leo, na lenzi za skrubu za M42 zilizotumika kwenye Spotmatic huingia kwa adapta sahili. Minolta nao waligawanyika mwaka 1985, walipotoa Minolta 7000, kamera ya kioo (ambayo kioo cha ndani huonyesha taswira ya lenzi kwenye kitazamio) ya kwanza iliyoweka vihisi na mota ya kulenga ndani ya bodi yenyewe. Lenzi za kulenga kwa mkono zilizotangulia haziingii katika mfumo huo. Kuhusu lenzi za kamera za dijitali zisizo na kioo, kama Nikon Z na Canon RF, hakuna bodi ya filamu inayozipokea.

Hatua ya pili: tambua bodi iko katika kizazi kipi

Kugawa kamera katika za zamani na za karibuni tu huficha kundi la katikati, na kundi hilo ndilo linalowaponza wanunuzi.

Kizazi cha kwanza ni cha kimakanika kabisa: Pentax K1000, Olympus OM-1, Minolta SR-T 101, Nikon FM2, Leica M3. Betri, kama ipo, huhudumia kipima mwanga tu, na ikiisha kamera huendelea kupiga picha kwa kasi zote. Kizazi cha pili bado hulenga kwa mkono, lakini muda wa shata, yaani pazia linalofunguka ili mwanga uifikie filamu, huhesabiwa na saketi: Canon AE-1 ya mwaka 1976, Olympus OM-2, Nikon FE, Minolta X-700 ya mwaka 1981. Kizazi cha tatu ni cha kulenga kiotomatiki, chenye mota ya kuvuta filamu, na kilifikia kilele chake katika bodi kama Nikon F5 ya mwaka 1996, Nikon F100, Minolta Dynax 7 na EOS-1V ya mwaka 2000.

Kizazi cha pili kinahitaji uangalifu kuliko vyote. Sura yake ni ya zamani, kwa hiyo mnunuzi hudhani amepata uimara wa gia na springi, kumbe ameshika kifaa cha elektroniki ambacho saketi zake zina umri wa zaidi ya miaka 40. AE-1 haifyatui kabisa bila betri. Nikon walijali zaidi: FE ina kasi moja ya kimakanika ya 1/90, na F3 ina mkono mdogo wa dharura unaofyatua shata bila umeme kwa takriban 1/60. Mwaka 2001 walitoa FM3A, ambayo huhesabu muda kwa saketi inapojiendesha yenyewe, na kwa gia pale mpiga picha anapochagua kasi mwenyewe. Ni bodi ninayoipenda kwa dhati, ingawa uhaba wake umeiweka mbali na wanunuzi wengi.

Hatua ya tatu: uliza inatumia betri gani

Hapa ndipo bodi nyingi nzuri za miaka ya 1960 na 1970 zinapomkwaza mmiliki mpya. OM-1, SR-T 101 na nyingine nyingi ziliundwa kutumia betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo sifa yake ilikuwa kubaki kwenye volti hiyo hiyo hadi inapokaribia kuisha. Betri hizo zilipigwa marufuku kwa sababu ya sumu ya zebaki. Marekani, kwa mfano, ilipitisha sheria hiyo mwaka 1996. Ukiweka betri ya alkalini ya volti 1.5 mahali pake, kipima mwanga kitaamini kwamba mwanga ni mwingi kuliko ulivyo, na filamu itapata mwanga pungufu. Isitoshe, volti ya alkalini hushuka kidogo kidogo kadiri betri inavyotumika, kwa hiyo hata kosa lenyewe halitulii.

Zipo njia tatu za kulitatua tatizo hili. Ya kwanza ni betri za hewa na zinki zinazotumika katika vifaa vya kusaidia kusikia, ambazo hutoa volti 1.4 na zinatosha kabisa kwa usahihi, ila huanza kuisha mara tu unapobandua karatasi yake, na hudumu wiki kadhaa hadi miezi michache. Ya pili ni adapta yenye diodi inayoshusha volti za betri ya oksidi ya fedha. Ya tatu ni kumpa fundi arekebishe kipima mwanga wakati wa matengenezo. Pentax Spotmatic haina tabu hii kubwa, kwa sababu saketi ya kipima mwanga chake iliundwa kwa namna isiyoyumbishwa sana na tofauti ya volti; K1000 na FM2 hutumia betri ndogo za kawaida za volti 1.5.

Bodi za karibuni zinategemea betri kwa kila kitu, lakini angalau betri zenyewe hupatikana: CR123A, 2CR5, au betri za AA. F5 hula betri 8 za AA kwa mara moja, na uzito wa kamera, gramu 1,210 bila betri, huongezeka ipasavyo. FM2 ina gramu 540. Mtu anayetembea na kamera kutwa nzima asiidharau tofauti hiyo.

Hatua ya nne: pima mahitaji yako ya kasi ya shata

Kwenye karatasi, 1/1000 na 1/8000 huonekana kama mashindano ya namba. Hebu tuzipime kwenye jua. Kanuni ya zamani husema kwamba katika jua kali, tundu la f/16 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo) huenda na kasi inayokaribia namba ya ISO ya filamu, yaani kipimo cha wepesi wake wa kupokea mwanga. Kwa filamu ya ISO 400 hiyo ni f/16 kwa 1/400, na kutoka hapo ni f/11 kwa 1/800, f/8 kwa 1/1600, f/5.6 kwa 1/3200 na f/4 kwa 1/6400. Maana yake ni kwamba bodi yenye kikomo cha 1/1000 itakulazimisha kubaki karibu na f/11 mchana kweupe, na huwezi kutia ukungu mandhari ya nyuma ya sura ya mtu bila kichujio cha giza au filamu ya kasi ndogo. FM2, ambayo mwaka 1982 ilikuja na 1/4000, inakufikisha f/5.6; F100 na F5, zenye 1/8000, zinakufikisha f/4. Mpiga picha wa sura za watu nje ya nyumba anapaswa kulitazama jambo hili kwa makini, ilhali wa mandhari, anayefunga tundu na kutumia tripodi, hana haja nalo hata kidogo.

Kasi ya kuoana na flashi nayo hufuata mkondo huo huo. Shata za kitambaa zinazokwenda mlalo, kama ya OM-1 na K1000, huoana na flashi kwa 1/60 au polepole zaidi. Shata za chuma zinazoshuka wima hufika 1/125, na baadaye 1/250 katika bodi kama FM2 ya toleo la pili na F100. Anayetaka kujaza vivuli vya uso kwa flashi katika mwanga wa mchana atahisi tofauti hiyo siku ya kwanza.

Kumbuka vilevile kwamba namba iliyochorwa kwenye gurudumu la bodi ya zamani ni nia ya kiwanda, na huenda si kasi inayotoka leo. Grisi hukauka, springi hulegea, na mara nyingi kasi huwa polepole kuliko ilivyoandikwa. Filamu ya negativu huvumilia mwanga wa ziada, hata wa stopu moja au mbili (kila stopu huongeza mwanga mara mbili). Filamu ya slaidi, ambayo picha yake hutazamwa moja kwa moja bila kuchapishwa, haivumilii. Kama unakusudia kupiga slaidi, bodi ya karibuni au bodi ya zamani iliyotoka kwa fundi karibuni ndizo pekee ninazoweza kuzipendekeza.

Hatua ya tano: tazama ndani ya kitazamio

Usikubali kununua bodi ambayo hujaiweka jichoni au ambayo muuzaji hakuruhusu kuirudisha. Kamera za kulenga kwa mkono zina kioo cha kulengea chenye duara la kugawanya taswira katikati, na kitazamio kikubwa ajabu. OM-1, licha ya udogo wake, huonyesha asilimia 97 ya fremu kwa ukuzaji wa 0.92. Bodi za kulenga kiotomatiki zina kioo cha kulengea kilicho wazi bila duara, na zile za daraja la chini hutumia vioo vidogo badala ya prizimu, kwa hiyo taswira ni ndogo na hafifu. Ukifunga lenzi ya zamani ya f/1.4 kwenye bodi ya namna hiyo na kujaribu kulenga kwa mkono, utakosea mara nyingi kuliko unavyotarajia.

Wanaovaa miwani wana hesabu nyingine. Bodi nyingi za karibuni zina kirekebishi cha nguvu ya jicho na huruhusu kutazama kwa umbali kidogo, ilhali katika nyingi za zamani pembe za fremu hupotea nyuma ya miwani. F3HP ilitengenezwa mahususi kwa ajili yao.

Hatua ya sita: kagua bodi iliyo mkononi mwako

Katika bodi ya zamani, fungua mlango wa nyuma na uguse sponji nyeusi iliyo kwenye mifereji yake, pamoja na ile inayopokea kioo kinaporuka. Ikiwa inanata au inapukutika, mwanga utavuja, lakini kuibadilisha ni kazi nyepesi na isikuzuie kununua. Kwenye OM-1 hali ni nzito zaidi, kwa kuwa sponji iliyo juu ya prizimu ikioza hula rangi ya fedha, na utaona mabaka au mistari meusi kwenye kitazamio. Weka shata kwenye sekunde 1 na usikilize: mlio uende sawasawa na usikwame. Kisha elekeza kamera bila lenzi kwenye mwanga, tazama kutoka nyuma, na ufyatue kwa 1/1000. Unapaswa kuona mstatili mzima uking'aa. Ukiona upande mmoja ni mweusi, mapazia mawili ya shata hayafuatani tena na kamera inahitaji fundi. Shata ya kitambaa ikague dhidi ya taa kwa matundu madogo, hasa kwenye Leica na nyingine zisizo na kioo, ambazo lenzi inaweza kukusanya jua na kuchoma kitambaa. Canon AE-1 na ndugu zake zikitoa sauti kama ya kukohoa zinapofyatuliwa, mafuta ya gia za kioo yamekauka, na fundi anaweza kulitatua hilo.

Katika bodi ya karibuni ukaguzi ni wa haraka zaidi, kwa sababu kamera hizi ama zinafanya kazi ama hazifanyi. Weka betri mpya, washa, pitia kila kitufe na kila gurudumu, na ulenge vitu vya karibu na vya mbali. Angalia skrini ya LCD kama ina mabaka meusi yanayosambaa. Mpira wa mlango wa nyuma wa F100 na bodi nyingine za wakati ule hugeuka kuwa wa kunata, jambo linaloudhi lakini husafishika. Kwenye baadhi ya bodi za mwanzo za EOS, kizuizi laini kilicho ndani ya shata huyeyuka na kuacha utomvu mweusi kwenye visu vya shata. Ukiona alama hizo, iache. X-700, ingawa ni ya kizazi cha pili, inajulikana kwa kapasita zinazokufa na kuifunga kamera, na bodi kadhaa za Pentax MZ kwa gia ndogo ya plastiki ya mota inayopasuka. Kwa wapenzi wa filamu ya infraredi kuna tahadhari moja ya ziada: bodi nyingi za EOS huhesabu matundu ya filamu kwa taa ya infraredi, na taa hiyo huacha ukungu kwenye picha.

Hapa ndipo tofauti ya kuharibika inapoonekana waziwazi. Bodi ya kimakanika huzeeka polepole, hutoa dalili, na fundi hodari anaweza kuisafisha, kuirekebisha, hata kuichongea kipande kilichokatika. Bodi ya elektroniki hufanya kazi kwa usahihi wa kiwanda hadi siku inapokufa, na siku hiyo tiba yake ya kawaida ni kutoa saketi kutoka bodi nyingine ya aina ile ile, nayo huenda ina umri ule ule.

Hatua ya saba: amua

Ikiwa una fundi unayemwamini, unapenda kupima mwanga na kulenga mwenyewe, na unataka kamera moja kwa miaka mingi, chagua bodi ya kimakanika, na uhesabu gharama ya matengenezo kamili kama sehemu ya bei tangu mwanzo. Ikiwa unapiga picha watoto, michezo au sherehe, ikiwa macho yako yanachoka kulenga, au ikiwa huna fundi karibu, chagua bodi ya kulenga kiotomatiki ya miaka ya 1990. Zile za kiwango cha kati, ambazo wengi huzipita kwa sababu ni za plastiki, ninaziona kuwa ndizo zinazomfaa mwanafunzi kuliko zote, kwani humwachia fedha za lenzi nzuri na za filamu. Baadhi ya EOS za bei ya chini huvuta filamu yote nje kwanza na kuirudisha mkebeni picha baada ya picha, kwa hiyo hata mlango ukifunguka kwa bahati mbaya picha zilizokwisha kupigwa huwa salama. Hakikisha tu kwamba bodi unayoitaka inakuruhusu kubadilisha ISO mwenyewe, maana baadhi ya zile za bei ya chini hufuata tu msimbo wa DX uliochapishwa kwenye mkebe, mfumo ambao Kodak waliuanzisha mwaka 1983. Kizazi cha pili kinunue pale tu unapokipenda kwa sababu mahususi na kimekwisha kupita mikononi mwa fundi.

Hatua ya nane: piga roli moja ya majaribio

Fanya hivi kabla muda wa kurudisha kamera haujapita. Tumia filamu ya negativu ya kawaida na uandike kasi na tundu kwa kila picha. Piga ukuta wenye mwanga sawasawa kwa kila kasi ya shata, ukibadilisha tundu ili mwanga unaofika kwenye filamu ubaki ule ule. Piga rula iliyolazwa mshazari kwa tundu lililo wazi kabisa, ukilenga namba moja unayoikumbuka. Kisha acha kamera iliyojaa filamu kwenye jua kwa dakika chache, ukiigeuza pande zote.

Filamu ikishasafishwa, tazama negativu zenyewe na si picha zilizochapishwa, kwa sababu mashine ya kuchapisha husahihisha makosa na kuyaficha. Fremu za ukuta zinapaswa kulingana kwa weusi. Zikizidi kuwa nyeusi kwenye kasi za juu, shata inafunguka muda mrefu kuliko inavyodai. Michirizi myeusi inayoanzia kwenye matundu ya pembeni inaonyesha mwanga unavuja mlangoni. Nafasi zisizolingana kati ya fremu zinatoka kwenye gia za kuvuta filamu. Na ikiwa namba iliyo kali kwenye rula si ile uliyoilenga, basi kioo au kioo cha kulengea kimehama mahali pake, na kamera irudishwe kwa muuzaji au ipelekwe kwa fundi kabla hujaitia roli ya pili.